Theluji ya Baba Yangu

Alhamisi ile, siku moja kabla ya baba yake Anir kuja kwetu kuniposa, nilikuwa nimeinama juu ya kijiji kizima nikikipepetea theluji kwa chekeche.

Kijiji chenyewe kilikaa juu ya meza mbili zilizounganishwa: nyumba kumi na nne za udongo, kila moja ya kimo cha goti, mnara wa msikiti, zizi la mbuzi na kisima. Nje ya karakana ya studio ya filamu jua la Warzazate lilikuwa likiyachoma mabati. Mimi nilikuwa na kitambaa puani na jasho mgongoni, na nyusi zangu zimekuwa nyeupe kama za bibi kizee. Upande wa pili wa meza alisimama Anir, mikono mifukoni.

"Macho yako yako wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye theluji."

"Theluji iko huku chini."

"Hiyo ya kwenye nyusi zako haiko chini."

Akazunguka meza, akanifuta kwa kidole gumba. Kidole kikakaa pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

"Kesho wakati kama huu," akasema, "nitakuwa na haki ya kukufuta kila siku."

"Posa siyo ndoa, bwana wee. Toa mkono, watu wanaona."

Lakini sikuusogeza uso wangu.

Ni theluji iliyotukutanisha. Miaka miwili nyuma niliajiriwa pale kufagia. Anir ndiye alikuwa fundi wa vijiji vidogo, na siku hiyo alikuwa akimtengenezea mtu mlima wa filamu. Nilisimama na ufagio wangu nikatazama, nikashindwa kujizuia.

"Samahani, kaka. Hiyo ni chumvi."

"Najua ni chumvi."

"Basi na kamera itajua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, haya, nieleze. Nikamweleza. Chumvi inameta mno, na punje yake, ukiiweka mbele ya nyumba ya kimo cha goti, ni kubwa kama ngumi ya mtu. Unga wa ngano nao unashikana, unageuka manjano chini ya taa, na asubuhi unakuta nyayo za panya kubwa kama za simba. Theluji ya kijiji kidogo lazima iwe laini hadi jicho lisiione punje. Chini unaweka vumbi la marumaru lililoloweshwa kidogo, ili iwe na uzito. Katikati karatasi iliyosagwa, ivimbe. Juu kabisa magadi ya kuokea, uyapepete kutoka juu ya ngazi, yatue yenyewe yanapotaka. Na upande wa kivuli unatia buluu ya kufulia, kiasi cha ncha ya ukucha, kwa sababu theluji siyo nyeupe. Anayedhani ni nyeupe hajaishi nayo.

"Umejifunza wapi wewe?"

"Kwetu, mlimani. Hatukujifunza. Ilikuwa inatuangukia tu."

Yeye alikuwa mtu wa Zagora, mtu wa mitende na mchanga. Theluji alikuwa akiiona kwa mbali, juu ya vilele. Alininyang'anya ufagio siku ile ile, akanipa chekeche. Moyo wake ulifuata baadaye, au ndivyo nilivyoamini.

Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni Kifaransa. Niliacha shule nikiwa na miaka tisa. Madamu Odile, Mbelgiji aliyekuja kutengeneza filamu ya kijiji kilichofunikwa na theluji, hakujua Kiarabu wala lugha yetu ya mlimani. Basi kila neno kati yangu naye lilipita mdomoni mwa Anir. Kaka yangu Basu, anayeendesha gari la watalii na kuongea Kifaransa kama maji, jambo hilo lilimchoma.

"Mwanamume gani anakusemea kila kitu?" aliniambia. "Kesho atakutafunia na chakula."

Mwezi wa nne Madamu Odile alituita wote wawili. Alitaka paa moja la kijiji liporomoke kwa uzito wa theluji, na alitaka lionekane la kweli. Je, tunaweza? Nikasema naweza. Akauliza nimejuaje. Nikamtazama Anir, kwa maana yeye peke yake nilikuwa nimemwambia, naye akaniitikia kwa kichwa taratibu: sema, niko hapa.

Nikasema. Baba yangu aliingia ndani kutegemeza boriti. Mimi nilikuwa nje na mbuzi, nina miaka tisa. Paa halikuanguka ghafla. Kwanza ukingo wa theluji uliinama, kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia. Halafu mlangoni ikatoka pumzi nyeupe, nyumba ikapumua mara moja, bila sauti, ndipo paa likashuka. Nilichimba kwa kifuniko cha sufuria mpaka watu walipofika.

Anir alitafsiri sentensi kwa sentensi, sauti ikimtetemeka. Madamu Odile machozi yakamtoka. Akainuka, akamkumbatia Anir. Nilijiambia, anaona haya kunikumbatia mimi; wageni nao wana mambo yao.

* * *

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Ba Saddik, baba yake Anir, akafika. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye jalaba jeupe, ile kanzu yenye kofia, na kikohozi alichokileta kutoka migodi ya makaa ya mawe ya Ufaransa, alikofanya kazi ujana wake wote. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo alikuja na mwanawe tu. Alileta kapu la tende za Zagora na mabonge mawili ya sukari yaliyofungwa karatasi ya buluu. Mama alimpokea kwa maziwa, na nyumba nzima ikanukia kuskusi na maboga.

Tuliketi kuizunguka sahani moja: Ba Saddik, Anir, Basu, mimi nikiwa nimeinamisha macho kama inavyompasa anayeposwa, na Mama anayeinuka na kukaa, kukaa na kuinuka.

"Lalla Hennu," Ba Saddik akamwambia Mama, "kuskusi hii ningeijua mapema, ningekuja kuposa kwa ajili yangu mwenyewe."

Mama, mjane wa miaka kumi na saba, aliona haya kama msichana. Hata Basu alicheka. Basu yule aliyeapa kwamba dada yake hataolewa na mtu wa mchangani! Wiki nzima nilikuwa nimemlainisha kwa chai na maneno, na sasa alikuwa akimsogezea Anir nyama kwa mkono wake mwenyewe. Anir aliniibia jicho moja. Macho yetu yakakutana juu ya mvuke, nikahisi joto likinipanda shingoni. Nakumbuka niliwaza, Mungu wangu, furaha ndiyo hii.

"Tena ningesahau!" Basu akasema, akijipangusa vidole. "Ba Saddik, mwanao amekuwa mtu mkubwa. Binamu yetu wa Marakesh amenitumia video leo asubuhi, wale watu wa filamu wamemtoa mtandaoni. Hata mimi sijaitazama, ngoja tumwone."

"Siyo lazima sasa," Anir akasema haraka. "Tule kwanza."

"Unaona haya? Baba yako ndiye wa kujivunia hapa, siyo wewe."

Akaiegemeza simu kwenye kapu la tende. Nikaona kijiji changu, paa zangu, theluji yangu, na mbele yake Anir amekaa kwenye stuli yangu, anaongea Kifaransa. Alipendeza. Nilitabasamu.

Kisha nikaona tabasamu la Basu likififia.

Sikuelewa maneno. Lakini neno "baba" la Kifaransa nani halijui? Nililisikia mara moja, mbili, tatu. Baba yangu, baba yangu. Nikamtazama Ba Saddik, nikidhani anasifiwa. Mzee alikuwa na tonge mkononi, nusu njia kuelekea mdomoni, na mkono ulikuwa umegandia hapo.

"Rudisha nyuma," akasema.

Basu akarudisha. Tukasikiliza tena. Ba Saddik akalirudisha tonge kwenye sahani, polepole, upande wake.

"Mwanangu," akasema, "nimekufa lini?"

"Ba, siyo hivyo unavyo..."

"Nauliza mwaka tu. Nijue nilikuwa wapi."

"Basu," nikasema, "anasema nini?"

"Itto, mimi nitakueleza," Anir akadakia.

"Sikukuuliza wewe."

Basu hakuniangalia. Alitafsiri akiwa ameikodolea macho simu, neno moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni. "Anasema baba yake alikufa kwenye theluji, yeye akiwa na miaka tisa. Anasema alikuwa nje na mbuzi. Anasema nyumba ilipumua mlangoni kabla ya paa kushuka, na ndiyo maana yeye anaijua theluji kuliko mtu yeyote hapa." Akaizima simu. "Anasema alichimba kwa kifuniko cha sufuria."

Mama alikuwa amesimama na birika la chai. Hakulia. Alilitua sakafuni.

"Kifuniko kipi?" akauliza.

Akanyoosha kidole kuelekea jikoni.

"Kifuniko hicho kiko jikoni kwangu, kimepinda upande mmoja. Nataka kujua cha huyu kijana ni kipi."

"Lalla Hennu, nisamehe..." Anir akaanza.

"Kuna na mwisho wake," Basu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwezi wa tisa anakwenda Braselzi, kwao yule Mbelgiji. Mkuu wa theluji kwenye filamu ijayo ya yule mama. Wametangaza."

"Mkuu wa nini?" nikauliza. Nilimsikia vizuri, ila nilitaka alirudie, pengine safari hii lingetoka neno jingine.

* * *

Nilimfuata Anir uani, au yeye ndiye aliyenifuata, sikumbuki. Tulisimama chini ya kamba ya nguo, kati ya mashuka ya Mama. Alitaka kunishika mkono. Nikauficha nyuma.

"Nilitafsiri tu, Itto. Wallahi. Wewe ulisema 'baba yangu', na mimi nikasema 'baba yangu'. Ndivyo mtu anavyotafsiri. Madamu Odile akadhani ni wangu. Alinikumbatia kabla sijajua kinachoendelea."

"Ukamwacha akudhanie."

"Nilitaka kumrekebisha. Siku ikapita, ya pili ikapita. Akaanza kuniangalia kwa macho mengine, kuniita mezani kwake, kuniuliza mawazo yangu. Miaka kumi na moja nawatengenezea nyumba, Itto, hakuna aliyewahi kunijua hata jina. Nikaona, nikirekebisha sasa, kila kitu kitavunjika."

Niliielewa njaa ile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilimwelewa. Nilikaribia kumwonea huruma, nikakumbuka stuli.

"Anir. Siku waliyokupiga picha hiyo, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa..." Akatazama chini. "Nilikutuma sokoni kwa magadi."

"Kwa hiyo sikuwepo."

"Hukuwepo."

"Basi siku hiyo ulikuwa unamtafsiria nani?"

Akalishika shuka la Mama, akaanza kulikunja pindo.

"Kumbuka nilivyokueleza ile habari," nikasema. "Tulikuwa juu ya paa la karakana, alasiri, ukanishika kichwa ukakiweka begani kwako. Ukaniambia, Itto, huo mzigo ulete tuubebe wawili. Nikakupa. Kumbe ulikuwa unapima kama unakutosha."

"Ningekuchukua Braselzi. Nikishatulia tu, ningekuita."

"Ungeniita nije kufanya nini? Kufagia?"

"Nakupenda."

"Najua," nikasema, na nilijua kweli, na machozi yakaanza kunitoka kwa hasira. "Ungekuwa hunipendi ingekuwa wizi tu. Ningeita polisi nikalala usingizi wangu. Nenda ukamchukue baba yako, Anir. Amekaa peke yake na tende zake."

Lakini Ba Saddik alikuwa ameshaondoka, kwa miguu, bila kumsubiri mwanawe. Mabonge ya sukari aliyaacha pale pale. Mama alisema mzee alimwomba radhi mlangoni na kuubusu ukingo wa mtandio wake, naye hakujua la kumjibu.

* * *

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuliangusha lile paa la filamu.

"Huendi," Basu akasema asubuhi, funguo za gari mkononi. "Acha waone atakavyoliangusha yeye na Kifaransa chake."

"Anakwenda," Mama akasema. Alikuwa amevaa nguo zake za kutokea. "Mume wangu ndiye aliye juu ya meza ile. Nimwachie yule?"

Tulipofika karakana, Ba Saddik alikuwa ameketi kwenye tofali mlangoni, jalaba limekunjamana kama la mtu aliyelala nalo. Akainuka.

"Binti yangu," akasema, "nina Kifaransa kibaya, cha mgodini, matusi nusu. Lakini kinafika. Utanikubali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tukaingia. Anir alikuwa kando ya kamera na mafundi wengine. Alipomwona baba yake, uso ulimsawijika. Mzee hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Madamu Odile, akaweka mkono kifuani kwa adabu, akasema sentensi moja. Basu alininong'oneza: "Amesema, habari za asubuhi, Madamu. Mimi ndiye marehemu."

Madamu Odile alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama Anir, na kicheko kikakatika.

"Sema sasa," Ba Saddik akaniambia.

Nikasema yote upya. Mbuzi, boriti, ukingo ulioinama, pumzi mlangoni. Mama alisimama nyuma yangu amenishika kiuno. Na kila niliposema "baba yangu", mzee alinyoosha kidole kwangu na kusema "baba yake". Baba yake. Baba yake huyu. Kikohozi kilimkatiza mara mbili, akangoja kipite, akaendelea.

Nilipomaliza, Madamu Odile alikuwa amekaa chini. Alisema kitu kwa Anir, maneno mawili. Anir akajibu neno moja. Hata mimi nililielewa: ndiyo.

Akanigeukia. Ba Saddik akanitafsiria. "Anasema ana aibu. Anasema kazi ya leo inaweza kungoja. Na anauliza, unataka nini?"

Nilikuwa nimeifikiria Braselzi usiku kucha, sidanganyi. Lakini lililotoka mdomoni halikuwa hilo.

"Mwambie haingoji. Magadi yakipigwa na hewa ya leo mpaka kesho yatafanya ukoko. Na mwambie mwisho wa filamu, yanapopita majina, aandike Haddu. Haddu, baba yake Itto. Mengine tutaongea tukishamaliza."

Nikafunga kitambaa puani, nikapanda ngazi. Nilipepeta tabaka la mwisho mwenyewe. Boriti nilikuwa nimezikata nusu tangu Jumatano na kuzifunga uzi mwembamba uliopita chini ya meza, na kuficha pampu ndogo ya mpira yenye magadi nyuma ya mlango. Kamera ikakimbizwa mara tano ya mwendo wa kawaida, kwa sababu kitu kidogo huanguka haraka mno, na kinachoanguka haraka hakina uzito. Nikainua mkono. Nikaminya pampu. Mlangoni ikatoka pumzi nyeupe, kimya. Nikavuta uzi.

Walipotuonyesha picha kwenye skrini, polepole, Mama alitazama mpaka mwisho. Ukingo ukainama. Nyumba ikapumua. Paa likashuka.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo." Akatoka nje akakaa garini.

Anir alinisubiri mlangoni. Alikuwa hajanyoa, na mikono yake haikuwa na pa kukaa.

"Ameniondoa kazini," akasema.

"Hilo ni lako na yeye."

"Baba haongei na mimi."

"Hilo nalo ni lako na yeye."

"Na wewe, Itto? Niambie kitu. Nitukane basi."

Nilimtazama. Alikuwa na magadi kwenye nyusi. Sikumfuta. Nilipita, nikahisi harufu yake nilipompita, nikaingia kwenye gari la kaka yangu, nyuma, karibu na Ba Saddik. Tulikuwa tunampeleka kituo cha basi la Zagora.

"Ba," nikamwambia mzee, "unakwenda kufanya nini sasa?"

"Kuwaambia majirani bado nipo," akasema. Alijaribu kucheka, kikohozi kikamzidi.

Basu akawasha gari. Tulipotoka lango la studio, Anir alikuwa anakimbia kandokando yetu, ameweka kiganja kwenye kioo changu. Hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama tu, na midomo yake ikitamka jina langu. Basu akapunguza mwendo.

"Nisimame?" akauliza, akinitafuta kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Mama alitazama barabara. Anir alikimbia mpaka kwenye kona, kiganja kikateleza kwenye kioo, kikaachia. Sikugeuka nyuma. Tukapita kituo cha mafuta, tukapita daraja la mto mkavu, na Basu bado alikuwa anaendesha taratibu, akinisubiri.

"Endelea," nikasema.

Halafu nikalia kwa sauti, mbele ya baba yake, na yule mzee wa watu akanishika mkono akalia pia, tukaenda hivyo mpaka kituo cha basi.